Baba mkwe alivyogoma kula baada ya operesheni ya utumbo, mpaka nilipomletea matumbo ya mbuzi hospitalini

Wakuu, ejok!

Huku kwetu Turkana ukisalimiwa ejok unajibu ejok, kwa hiyo nahesabu mmeshajibu wote, hata wale wanaosoma huku wamejificha kazini.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuanzisha uzi kwa sababu juzi kuna mwenzetu aliuliza mgonjwa aliyepasuliwa utumbo apewe chakula gani, na baadhi ya majibu yalinitisha. Mmoja alimshauri ampe supu ya kichwa cha mbuzi, nzito, akitoka tu theatre. Mkuu, kama bado uko humu nakusalimu, ila tafadhali kaa mbali na wagonjwa.

Mimi si daktari. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Kakuma mjini. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nilipohadithiwa nitasema nilihadithiwa.

Twende.

Mgonjwa ni baba mkwe wangu, Mzee Lokwang, aliyemzaa mke wangu Akiru. Anaishi nje kidogo ya Kakuma na mbuzi zake. Ni mtu wa maneno machache, ana kofia yenye unyoya, na ana kigoda chake cha mbao ambacho hamwazimi mtu, hata awe nani.

Na Mzee anasoma matumbo.

Wageni wa huku msishtuke, hakuna uchawi hapo. Mbuzi akichinjwa, wazee wetu wengi huyatandaza matumbo yake na kuyatazama. Wanatazama mishipa, madoa, rangi. Wanakuambia mvua iko upande gani, kama kuna ugonjwa unakuja, kama ni wakati wa kuhama au kukaa. Wewe unatazama hali ya hewa kwenye simu, wao wanatazama pale. Mimi ni mtu wa kanisa, sisemi ni kweli na sisemi ni uongo. Ninachojua ni kwamba Mzee hajawahi kuhamisha mifugo yake bila kusoma kwanza.

Sasa ikafika zamu ya matumbo yake mwenyewe.

Lilianza kama tumbo la kawaida. Likamuuma, likavimba, likawa gumu ukiligusa. Akaanza kutapika. Choo hakuna, upepo hakuna, yaani kila kitu kimefungwa. Zahanati wakamwona wakasema huyu ni wa hospitali kubwa ya Lodwar, na ni sasa hivi.

Akiru alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mtoto wetu wa pili, hata kukaa vizuri hawezi. Ndugu zake wa kiume wako mbali na mifugo. Aliyebaki wa kupanda ambulensi na Mzee ni mimi.

Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima ya mbali. Tangu nimchukue binti yake, mazungumzo yangu na Mzee yalikuwa salamu, mvua na bei ya mbuzi, basi. Sasa leo nimemshikia beseni anatapika, njia nzima mpaka Lodwar. Yeye kafumba macho kwa aibu, mimi natazama dirishani kwa aibu. Muuguzi aliyekuwa nasi alidhani tumekosana.

Lodwar tulipokewa na daktari wa upasuaji, dada mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Alimpima, wakampiga picha, akanivuta pembeni. Akaniambia utumbo mkubwa umejisokota, damu haipiti vizuri, tukichelewa utaoza akiwa hai. Niliweka saini yangu haraka kuliko nilivyowahi kuweka saini mahali popote.

Nilikaa nje ya theatre nikila njugu. Mpaka leo sijui zilikuwa na chumvi au hazikuwa nayo.

Daktari alipotoka alisema kipande kilichoharibika kimekatwa, ncha mbili zimeunganishwa, na Mzee anapumua vizuri. Wakuu, nililia. Mwanamume mzima, mbele ya watu. Sioni haya kusema.

Nikampigia Akiru, naye akalia, mtoto akalia, tukawa tunalia familia nzima kwenye simu.

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa: baada ya utumbo kukatwa na kuunganishwa, mgonjwa hali mpaka tumbo liamke. Hospitali yetu dalili waliyokuwa wanaisubiri kwa hamu ni upepo. Najua siku hizi sehemu nyingine wanaanzisha kunywa mapema, kwa hiyo fuata daktari wako, usinifuate mimi. Ila pale kwetu daktari aliniambia hivi, kwa ile sauti yake:

"Wewe ndiye unakaa na yeye. Muulize kama amejamba, halafu uniambie."

Wakuu. Nimuulize baba mkwe.

Nilimtazama daktari, nikaitazama sakafu, nikasema sawa daktari. Sikumuuliza ng'o.

Mungu si Athumani, kitanda cha pili alikuwa Deng. Deng ni mtu wa Sudan Kusini, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi Kakuma, anauza nguo, na alikuwa amevunjika mguu kwa ajali ya boda. Mguu umefungwa vyuma, mdomo haujafungwa. Nikamnong'oneza shida yangu. Akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Baba Esekon, wacha mimi," akasema. Esekon ni kijana wangu wa kwanza, ndivyo wanavyoniita. "Mimi si mkwe. Mimi iko masikio tu."

Asubuhi moja nimeingia wodini na flaski yangu ya chai, nasikia sauti kutoka upande wa dirisha:

"Baba Esekon! Kalas, imeisha! Mzee amepiga! Mimi nimesikia, mpaka hii mguu yangu imesikia!"

Wodi nzima ikapiga makofi. Kuna mgonjwa mmoja hata alipiga vigelegele. Mzee alivuta shuka akajifunika mpaka juu ya kichwa, na hapo chini ya shuka nina hakika alikuwa ananilaani mimi.

Daktari akafurahi. Akamtuma mtaalamu wa lishe, kijana mpole sana, akanieleza mpango. Maji kwanza, funda moja moja. Akivumilia hayo, uji mwepesi uliochujwa. Halafu pole pole vitu laini vyenye kujenga mwili: yai lililochemshwa, samaki asiye na miba, wali uliolainika, viazi vya kuponda. Kidogo, lakini mara nyingi kwa siku. Githeri ile ya mahindi na maharagwe, nyama ngumu, mboga zenye nyuzi na mafuta mengi vingesubiri wiki kadhaa. Akasisitiza yai na samaki, akasema kidonda kinashonwa na daktari lakini kinafungwa na chakula.

Nikajipanga. Nje ya hospitali kuna mama mwenye kibanda, tukaelewana anipikie uji na mayai. Nikawa napeleka, naweka kwenye meza ya Mzee, natoka. Natoka kwa sababu ya ile heshima, sikutaka kumkodolea macho akila. Nikirudi, kikombe kitupu. Sahani tupu. Najisifu mwenyewe, nampigia Akiru namwambia baba anakula kama kijana.

Siku moja daktari akaniuliza, "Mzee anakula?"

"Anakula sana, daktari."

Akamtazama Mzee macho, akamshika mkono, akakunja uso. "Huyu hali. Anazidi kulegea."

Nilitaka kubishana naye. Vyombo vitupu navibeba mimi mwenyewe!

Mchana ule nikaacha uji, nikatoka, nikafika getini nikakumbuka nimesahau funguo. Nikarudi. Namkuta Deng ameinua kikombe, anakimalizia ile mwisho mwisho kwa kugonga chini kwa kiganja.

"Deng!"

Akashtuka akajifuta mdomo. "Ya akhi, ndugu yangu, mimi nilikataa. Wallahi nilikataa. Mzee alisema chakula ikimwagwa ni dhambi. Mimi ni mgeni wa watu, nitabishana na mzee?"

"Na mayai?"

Akatazama mguu wake. "Mayai pia."

Ndiyo maana mashavu ya Deng yalikuwa yamejaa, wakuu! Nikawa nashangaa mtu amevunjika mguu na ananenepa. Uji wa baba mkwe wangu ndio uliokuwa unamuunga mifupa.

Nilicheka, halafu nikageuka nikamtazama Mzee na kicheko kikaisha. Kwa mara ya kwanza nilimtazama sawasawa. Mashavu yameingia ndani. Mikono imebaki ngozi. Yeye ametazama ukuta.

Nilimweleza daktari ukweli. Hakunifokea, na ni bora angenifokea. Alisema kwa sauti ndogo, ambayo kwake ilikuwa ngeni, kwamba pale walipounganisha panahitaji chakula ili pashike. Asipokula, pale panaweza kuachia, na pakiachia uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Mzee mwenye umri ule hatavuka. Akatupa muda wa siku ileile na kesho yake. Baada ya hapo atawekewa mpira wa puani alishwe kwa huo, na ikishindikana anapelekwa hospitali kubwa zaidi, Eldoret, mbali kabisa na kwetu.

Mzee akasikia neno Eldoret. Akasema kwa Kiturkana, bila kugeuka, kwamba wakijaribu atatembea kwa miguu kurudi Kakuma.

Na namjua. Angejaribu kweli.

Hapo niliogopa vibaya. Akiru alishampoteza mama yake. Ana kichanga mkononi. Nilikuwa naiona ile simu ambayo ningelazimika kumpigia, na kila nikifikiria neno la kwanza la kusema, silipati.

Basi nikaanza kubembeleza. Nikaleta samaki mzuri wa ziwani, nimemtoa miba yote kwa mkono. Mzee akasema samaki ni chakula cha mtu asiye na mbuzi. Nikaleta yai. Akalitazama, akasema huyo ni kuku ambaye hajazaliwa, mnamwonea. Nikaleta wali laini. Akasema hana meno mabovu. Deng naye akawa anakula mbele yake kwa mbwembwe, "Mmm, Mzee, kweis sana hii, tamu," eti amtamanishe. Hakuna kitu.

Nikampigia simu Shangazi Nakiru. Huyu ni dada yake Mzee, anasuka na kuuza vikapu hapo Lodwar, na ni mwanamke ambaye akiingia mahali watu wanarekebisha mikao. Akaja amejifunga leso mbili. Kumbe katikati ya hizo leso amebana chupa ya mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa.

Mnajua ugonjwa wowote huku dawa yake ya kwanza ni mafuta. Mtaalamu wa lishe alikuwa ameshanikataza mafuta, lakini nilivyoona ile chupa nikajisemea heri anywe hata hayo, tutaomba msamaha baadaye.

Shangazi akamimina kwenye kifuniko, akamsogezea kaka yake mdomoni.

Mzee akageuza uso.

Shangazi aliganda na kile kifuniko mkononi. Mturkana mzee, mchungaji, amekataa mafuta ya kondoo kutoka kwa dada yake! Akarudisha mafuta kwenye chupa, akaketi kitandani, akamuuliza kile kitu ambacho mimi mkwe sikuweza kuuliza na madaktari hawakufikiria kuuliza.

"Una nini wewe?"

Mzee aliendelea kutazama ukuta. Halafu akasema, na mimi nimesimama hapohapo nasikia:

"Walinifungua. Walitoa kitu ndani. Wakakitazama, mimi nimelala. Mpaka leo hakuna mtu aliyeniambia waliona nini. Sasa wananiambia kula, kula. Nile niende wapi? Mtu anahamaje bila kusoma?"

Shangazi akanigeukia. "Umesikia wewe mkwe? Si chakula. Hajui amekuwaje."

Wakuu, ni kweli. Tangu tufike, kila mtu alikuwa amezungumza na mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa utumbo umejisokota. Mimi ndiye niliyeweka saini. Mimi ndiye niliyeambiwa kimekatwa kipande. Mwenye tumbo aliambiwa "Mzee, utapona," na "Mzee, kunywa uji." Akili ile inayosoma matumbo ya mbuzi kila mwaka ilikuwa imelala pale inajiuliza kuhusu ya kwake, na sisi tunamletea wali.

Nikamkimbilia daktari. Nikamweleza kwa haraka, maneno yanagongana. Kwanza akacheka. Halafu akavuta kiti akaketi.

"Kile kipande hakipo tena," akasema. "Sina cha kumwonyesha."

Sijui lile wazo lilitoka wapi. Mimi nauza vipuri. Mteja akija na pikipiki iliyokufa, simwelezi kwa mdomo, nachukua kipuri kama kile rafuni namwonyesha, hapa ndipo palipokatika. Nikamwambia daktari, nipe muda kidogo.

Nikapanda boda mpaka kichinjioni. Nikamwambia muuzaji nataka matumbo ya mbuzi, mabichi, yasioshwe sana, yasikatwe. Akaniuliza napika mutura, ile soseji ya utumbo? Nikamwambia hapana, ni ya hospitali. Akanitazama akanipa bila maswali zaidi.

Narudi na beseni limefunikwa, nesi msimamizi akanizuia mlangoni. Akafunua, akafunika.

"Hiyo haiingii wodi yangu hata kama umetumwa na gavana."

Tukakubaliana nyuma ya jengo, kwenye kivuli karibu na bomba la maji. Mzee akaletwa na kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, hataki kuja. Shangazi nyuma yake. Deng akatoka na magongo yake bila ruhusa ya mtu, alisema hawezi kukosa.

Daktari akavaa glavu, akachuchumaa, akayatandaza yale matumbo juu ya nailoni.

Na hapo nilimwona Mzee anakaa wima. Mara ya kwanza tangu Kakuma.

"Mzee," daktari akasema, "hii ni ya mbuzi. Lakini yako inafanana. Angalia. Yako ilikuwa imejizungusha hivi." Akaukunja utumbo, akauzungusha, ukajifunga. "Chakula haipiti. Damu haipiti. Hapa katikati ikavimba."

Mzee akainua kidole. "Zungusha tena."

Akazungusha tena.

"Hapo katikati ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi yote, ama iko doa?"

Daktari alifikiria kweli, hakujibu tu ili amridhishe. "Nyeusi yote. Lakini pembeni, huku na huku, ilikuwa nyekundu, nzuri. Inacheza."

"Inacheza?"

"Inacheza. Nilishika kwa mkono yangu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akataka kuona walikata wapi. Daktari akachukua wembe, akakata, akatupa kile cha katikati kando. Akaomba sindano na uzi, akaunganisha ncha mbili pale chini, vidole vinakwenda kasi. Deng akapiga mluzi.

"Hii ndiyo iko ndani yako sasa," akamwambia.

Mzee akanyoosha mkono. Akavishwa glavu moja, ikamshinda kwenye kidole gumba, akaivaa hivyohivyo. Akaupapasa ule mshono. Akautandaza utumbo uliobaki kwa namna yake, si kwa namna ya daktari, akainama karibu. Sote tukainama naye. Hata Deng.

"Njia ilikuwa imefungwa," Mzee akasema mwishoni. "Imefunguliwa. Mbele ni nyekundu. Mbele iko maji."

Halafu akamgeukia daktari, na uso umebadilika, umekuwa ule uso wake wa sokoni.

"Sasa kwa nini mnanipa chakula ya mtoto? Kama imefunguka, leta nyama."

Tulicheka wote. Daktari hakubishana naye. Akafunga upande mmoja wa ule utumbo kwa uzi, akachukua kikombe, akamimina maji kidogo ndani. Yakafika kwenye mshono, mshono ukashika. Akamimina tena kidogo. Ukashika. Halafu akajaza mpaka juu, akabana kwa mkono. Maji yakachuruzika kwenye zile nafasi za uzi, yakamwagika kwenye viatu vyangu.

"Hii ni nyama yako," akasema. "Ukikula mingi leo. Lakini ukikula kidogo kidogo, yai, samaki, uji, hii mahali inaota nyama mpya na inafunga kabisa. Baadaye utakula mbuzi mzima, mimi sitakuzuia."

Mzee aliyatazama maji yakimwagika mpaka yakaisha.

"Baba Esekon," akaniita. Wakuu, ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie Lodwar kuniita. "Iko wapi ile uji?"

Nilikimbia mpaka kibandani. Mama wa uji alidhani nimefiwa, jinsi nilivyofika. Nikarudi na kikombe, Mzee akakipokea, akanywa funda moja, akasubiri. Akanywa la pili. Alipofika nusu akakirudisha, akasema imetosha, pale pa mshono pajaribu kwanza.

Deng alinyoosha mikono kupokea kile kilichobaki, Shangazi akamchapa kofi la mkono.

Kuanzia pale hatukuwa na shida tena. Mayai alikula huku amefumba macho, lakini alikula. Samaki akamvumilia, akamwita nyama ya ziwa, mwisho akawa anauliza kama leo yupo. Akaanza kutembea korido kila asubuhi na mkono umeshikilia tumbo, kwa sababu daktari alimwambia kutembea kunaamsha utumbo. Mashavu yakarudi. Ya Deng yakapungua kidogo, ikawa haki imetendeka.

Tulipoambiwa turudi Kakuma, tulipewa maelekezo tuyashike: tumbo likivimba tena, akitapika, akipata homa, choo na upepo vikikata, au kidonda kikitoa usaha, tusikae nyumbani, turudi mara moja. Asibebe vitu vizito. Maji anywe ya kutosha, na nyie mnajua jua la huku.

Na hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mgonjwa akirudi nyumbani kwetu, anachinjiwa. Ni furaha, ni heshima, huwezi kuizuia. Wajomba walikuwa wameshachinja, mafuta yanang'aa, minofu imeiva, na kipande kikubwa kabisa kimetengwa kwa ajili ya Mzee. Akikataa, ni kama amewakataa wao. Mimi mkwe sina mdomo wa kusema hapo. Naona kazi yote ya Lodwar inaenda kuishia kwenye sahani moja.

Mzee akaketi kwenye kigoda chake. Akaomba aletewe matumbo ya mbuzi yule.

Watu wakasogea, wakijua anasoma. Akayatandaza. Akayasoma kweli, akasema mambo ya malisho ya upande wa Lokichoggio, wazee wakaitikia. Halafu akaomba sindano, uzi na maji.

Sitawamalizia, mmeshajua. Alishona vibaya sana, daktari wetu angelia. Alimimina maji, yakamwagika kila mahali, wazee wakarudi nyuma wakishika shuka zao. Akawatazama mmoja mmoja akawaambia hivyo ndivyo nilivyo ndani sasa, mtu anayenipenda anipe kidogo. Mjomba mkubwa akachukua lile pande la nyama mwenyewe, akalikatakata vipande vidogo kama vya mtoto, akaongeza mchuzi usio na mafuta. Mzee akala vitatu. Hakuna aliyenuna.

Sasa amepona. Anakula nyama, anakula githeri, anafuata mbuzi. Mayai bado anayasema vibaya, ila anayala.

Majuzi simu yangu ikaita. Ile sauti kubwa. Daktari anasema wodini kuna mchungaji kutoka upande wa ziwa, amefanyiwa operesheni kama ya Mzee, na amegeukia ukuta, hataki kula. Akauliza kama baba mkwe wangu anaweza kuzungumza naye kwa simu.

Nikampelekea Mzee ujumbe. Akasema mambo hayo hayazungumzwi kwa simu. Akachukua kofia yake na tukaenda Lodwar, na alipofika stendi hakutaka kwenda hospitali moja kwa moja. Alitaka kupita kichinjioni kwanza.

Nesi msimamizi alituona tunakuja na beseni. Hakusema kitu, alinyoosha tu kidole kule nyuma kwenye bomba.

Nilisimama mbali kidogo nikawaacha wazee wawili pale chini, vichwa vimekaribiana, Mzee anazungusha, anakata, anaonyesha. Sikusikia yote. Nilisikia yule mgonjwa alipouliza, "Na wewe? Sasa unakula?"

"Nakula," baba mkwe akasema. Akafunua shuka akamwonyesha kovu lake, lote, mchana kweupe, mimi mkwe wake nikitazama. "Nakula kila siku."

Wakuu, nilichojifunza mimi ni kifupi. Chakula laini, kidogo, mara nyingi, chenye kujenga mwili, na msikilize daktari wako maana kila tumbo lina kesi yake. Hayo mtayapata popote. La ziada ni hili: mwambie mwenye tumbo kilichotokea ndani ya tumbo lake. Mwambie yeye, kwa lugha anayoijua, na mkae hapo mpaka amalize kuuliza. Usimwambie mkwe wake.

Haya, uwanja ni wenu. Mliopitia operesheni ya utumbo au mliouguza, mwageni hapa mlikula nini na nini kiliwasumbua. Na kama unasoma haya ukiwa wodini, sahani iko pembeni hujaigusa, weka simu chini kwanza ule vijiko vitatu. Comment yako itasubiri.